UZI: Zile miluzi za usiku juu ya paa zina wenyewe. Tujifunze kutambua ndege wanaopita gizani kwa sauti

Kitwitwi wa Mbweni (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Huu uzi nimeukalia muda mrefu kwa kuogopa kuchekwa ila leo nimeamua liwalo na liwe.

Mimi nakaa Mbweni hapa Dar, sio mbali na bahari. Septemba umeme ulikatika, joto limenizidi nikapanda juu ya slabu na mkeka wangu. Mtaa umetulia, hakuna feni, hakuna redio ya jirani. Nikasikia mluzi unapita juu yangu, ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti, haraka haraka, sauti moja haipandi wala haishuki, ukatokea upande wa bahari ukaishia kule bara. Baada ya dakika mbili mwingine. Nikamwita mke wangu asikilize, akasema shuka ufunge dirisha, hizo sio sauti za kuitikia.

Kesho yake nikaanza kutafuta. Kumbe kuna watu duniani kazi yao ni hiyo, kukaa usiku na kusikiliza ndege wanaosafiri. Ndege wengi sana wanahama usiku: hewa ya usiku ni ya baridi na imetulia hawachoki haraka, kipanga na kozi wengi wamelala, wana nyota za kuwaonyesha njia, halafu mchana unabaki wa kula. Na wakiwa angani wengine wanaitana kwa sauti fupi ambayo sio wimbo, ni kama dereva wa lori anavyopiga honi fupi kwa mwenzake, nipo hapa, usinigonge, tusiachane.

Mluzi wangu wa saba saba ni wa sululu. Ndiyo, jina moja na sululu ya kuchimbia, muangalie mdomo wake utaelewa. Anazaliana huko kaskazini ya mbali, Urusi na kwingine, halafu anakuja kwenye matope yetu kuanzia Agosti na Septemba hivi.

Basi nikaanza kurekodi. Simu, usiku kucha, wiki nzima. Na nimegundua kitu: wanakuja kwa makundi, na kila kundi lina saa yake! Jumatatu kelele zilianza saa moja na nusu usiku. Jumanne saa mbili na kitu. Jumatano saa tatu na robo. Alhamisi saa nne kamili. Nahisi ni makundi yanayotoka sehemu tofauti, yanaongozana. Nimechora na grafu kabisa. Wenye ujuzi karibuni.

fundi_simu22

Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

MtotoWaTandale

Mkuu hapo umesema umeme ulikatika na wewe ukapata elimu, wengine sisi ukikatika tunapata mbu tu 😂

Bibi Afya

Mkeo ana akili kukuzidi. Usiku ukisikia sauti usiyoijua nyamaza.

Kipanga wa Leeds

Mleta uzi umenifurahisha sana. Mimi niko Uingereza mwaka wa 11 huu na hii kitu nimeianza wakati wa korona. Tulifungiwa ndani, barabara kimya, ndege za abiria hakuna angani, watu wakaanza kuweka rekoda madirishani. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2020 wakasikika bata weusi wa baharini wakivuka katikati ya nchi usiku, juu ya miji ambayo bahari iko mbali kabisa. Watu walikuwa wanatumiana meseji, wamepita kwangu, toka nje sasa hivi, na baada ya muda mwenzie wa mji mwingine anajibu nimewapata.

Halafu dada hapo juu anayesema nyamaza, huku nako walikuwa hivyo hivyo. Sululu huku wazee waliwaita wapiga mluzi saba, wachimba makaa ya mawe wa zamani wakiwasikia usiku kesho yake wanagoma kushuka shimoni, wanasema leo kuna mtu atakufa. Kwa hiyo sio sisi tu na bundi wetu.

Ushauri wa kitaalam kidogo. Usitegemee sikio peke yake. Ingiza sauti kwenye programu kama Audacity (ya bure), badilisha muonekano uwe spektrogramu. Hapo sauti inakuwa picha: chini nzito, juu nyembamba, kushoto kwenda kulia ni muda. Sululu utamuona kama ngazi iliyolala, vipande vinavyofanana vimepangwa. Ndege wadogo sauti yao ni fupi mno, hata sehemu ya kumi ya sekunde haifiki, sikio linasikia "tsi" tu lakini picha inakuonyesha kama ule mstari umepanda, umeshuka, au umejikunja kama mdudu. Ukishazoea unapitia usiku mzima kwa muda wa kunywa chai, unaangalia tu picha huku unasogeza.

Na acha kurekodi kwa ile rekoda ya simu ya kawaida. Nyingi zinasafisha kelele zenyewe, na hicho zinachodhani ni kelele ndio ndege wako. Tafuta inayohifadhi WAV (faili la sauti lisilobanwa) na zima kila kitu kinachoitwa kuboresha sauti.

Kitwitwi wa Mbweni (mleta uzi)

Kaka wa Leeds ubarikiwe, nimepakua. Hiyo ngazi nimeiona kweli!! Ila pia nimeona mistari minene imejaa katikati haiondoki usiku kucha, hiyo ni nini?

Kipanga wa Leeds

Hao ni nyenje na vyura wako ndugu yangu, huku baridi imetusaidia hatunao. Jirani akiwa na dimbwi umekwisha.

fundi_simu22

Kwani si kuna app inayokuambia ndege moja kwa moja? Mnajitesa.

BintiVoi

Ipo, BirdNET, imetengenezwa na watu wa Cornell kule Marekani na chuo cha Chemnitz Ujerumani, inajua ndege zaidi ya 6,000. Mimi naitumia sana mchana na iko poa. Usiku lazima uwe makini bana. Imefundishwa zaidi na sauti za kawaida za ndege, nyimbo na milio ya mchana, sasa ukiipa kasauti kamoja ka usiku inabahatisha. Ukisahau kuweka mahali ulipo ndio balaa, mimi ilishaniambia nina bundi wa Canada hapa Voi, kumbe ni geti la jirani. Mtu asiandike jina la ndege eti kwa sababu app imesema asilimia 80. Angalia picha ya sauti, linganisha na rekodi za watu kwenye xeno-canto, ile tovuti ya sauti za ndege, ndio useme.

Lakini kilichonileta hapa ni kingine. Mleta uzi, wale unaowasikia sio wote wanaopita. Nakwambia kama mtu aliyeona kwa macho.

Kuna hoteli inaitwa Ngulia, ndani ya hifadhi ya Tsavo West huku Kenya, iko juu ya ukingo wa mlima. Ilifunguliwa 1969, wakaweka mataa makubwa ya kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji. Ikifika Novemba na Desemba, usiku ambao hakuna mwezi na ukungu umeshuka, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia wanapotea kwenye ukungu, wanaona zile taa, wanashuka kwa maelfu. Watafiti wakaanza kuwafunga pete miguuni tangu mwaka huo huo 1969, na hadi leo wamefunga pete ndege mamia ya maelfu. Mimi nilienda kusaidia misimu miwili, kubeba vifuko vya kitambaa na kuandika namba. Unasimama hapo saa nane usiku, ukungu mweupe, taa zinawaka, na ndege wanateremka kama mvua ya majani. Mmoja ananipiga kifuani anakaa kwenye sweta. Wengine wamekaa kwenye nyasi miguuni kwako wanashangaa.

Sasa unajua nilisikia nini? Mabawa. Mabawa tu, na wadudu wakigonga taa. Wengi wa wale ni vindege vidogo vya kahawia, yule anaitwa kitaalam Acrocephalus palustris ndiye amejaa kuliko wote, na jamii hiyo wakisafiri usiku kwa kawaida hawatoi sauti. Hata huko Ulaya wenye rekoda zao wanajua, wanawapata kwa nadra sana. Kwa hiyo kwenye rekodi yako juu ya paa wanaweza kupita elfu tano na grafu yako ikaandika sifuri.

Na ajabu ya huyo kimya wa usiku, mchana akiwa kwao Ulaya ni bingwa wa kuiga. Dume anaimba kwa kuunganisha sauti za ndege wengine, na mtafiti aliyezichambua akakuta zaidi ya spishi 100 ni za Afrika. Yaani anasimama kwenye majani kando ya mto huko Ubelgiji anaimba ndege wa Tsavo.

MtotoWaTandale

Huyo ni sawa na wale wanaotoka Dubai wiki mbili wanarudi na lafudhi.

BintiVoi

😂😂 wewe!

Mzee Nahodha

Vijana nimesoma kimya kimya, ngoja na mimi niseme langu. Mimi ni mvuvi, nimezaliwa Kunduchi, bahari naijua kabla sijajua kusoma.

Mleta uzi grafu yako ni nzuri lakini hujaona ulichochora. Jumatatu saa moja na nusu, Jumanne saa mbili na kitu, Jumatano saa tatu na robo, Alhamisi saa nne. Kila siku inachelewa kama dakika 50. Unajua nini kingine kinachelewa dakika 50 kila siku? Maji.

Sululu na vitwitwi, hawa ndege wa matopeni, hawana mchana wala usiku, wana kujaa na kupwa. Maji yakijaa hawana pa kula, wanakwenda kujibanza kwenye mikoko, kwenye mashamba ya chumvi, hata kwenye viwanja vitupu huko bara kidogo. Maji yakianza kutoka na matope yakaonekana, wanaondoka kwenda kula, hata kama ni usiku wa manane. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi jioni, basi saa moja na nusu matope yameanza kutokeza. Siku zinavyosogea kwenda maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, kila kitu kinasogea. Wewe wiki nzima umerekodi watu wanaokwenda sokoni na kurudi, ukadhani ni msafara wa Hija.

Kitwitwi wa Mbweni (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu.

Nimekaa hapa nimeduwaa. Nimetoka kuangalia jedwali la maji la wiki ile. Ni kweli. Ni kweli tupu. Hata zile kelele za pili nilizokuwa naziita kundi la usiku wa manane, ni maji yanarudi wanaondoka matopeni. Grafu yangu ni jedwali la maji lenye manyoya.

Mzee Nahodha

Marahaba mwanangu. Usivunjike moyo, hata hivyo umejifunza bahari.

Kipanga wa Leeds

Mzee umetufunga mdomo wote. Mimi nilikuwa nataka kumsifu kwa makundi yake 🙈

Singida_Damu

Huku kwetu hakuna maji ya kupwa. Sisi tuko katikati ya nchi, na mimi nasikia sana Oktoba ule mluzi wa mara tatu, tyu-tyu-tyu, unalingana yote mitatu, uko wazi kama mtu anaita teksi. Usiku saa tano, unatoka kaskazini unakwenda kusini. Huyo naye anakwenda sokoni?

Halafu kuna wengine wanapita usiku kama mabata bukini wanagombana, kelele nzito za kooni, mbali juu. Mama yangu anasema ni heroe (flamingo) wanahama ziwa.

BintiVoi

Mama yuko sahihi. Heroe wadogo wakibadilisha ziwa wanaruka zaidi usiku, leo wako ziwa Singidani kesho hawapo, watu wanashangaa wamekwenda lini. Wanafuata chakula na hali ya maji kwenye maziwa ya magadi, Natron, Nakuru, Bogoria na mengineyo, na kuzaa wanazaa Natron.

Huyo wa tyu-tyu-tyu mara tatu sauti sawa ni kitwitwi mkubwa mwenye miguu ya kijani, Tringa nebularia. Huyo kwa Singida Oktoba mimi namkubali kama msafiri kweli. Bahari hana, anapita juu, ana uelekeo mmoja.

Usimchanganye na wenzake:
sululu ni mingi, kama saba, inakimbia haijapanda haijashuka.
Kitwitwi mdogo yule anayetikisa mkia kando ya mito, Actitis hypoleucos, sauti nyembamba inashuka, hii-di-di, kama anakata tamaa.
Yule wa kijivu wa pwani mwenye kwapa jeusi akiruka, Pluvialis squatarola, anatoa mluzi mmoja uliovunjika vipande vitatu, tliii-u-iii, wa huzuni hadi unajisikia kumpigia mtu uliyeachana naye.

MtotoWaTandale

Huyo wa mwisho usiniwekee kabisa.

Kitwitwi wa Mbweni (mleta uzi)

Na ule mluzi wa fi-fi-fiuu wa watatu watatu, unarudiwa rudiwa, wako wengi wanapita chini chini?

BintiVoi

Bata wale wembamba wa uso mweupe, wanaosimama wima kama askari. Usiku wanahama madimbwi na hawajui kunyamaza. Ukiwasikia mara moja hutawasahau.

Bibi Afya

Na yule anayelia kama kitambaa kinachanwa? Sisi tumeambiwa ni mpasua sanda, akipita juu ya nyumba kuna msiba. Msiniambie huyo naye ana jedwali.

Mzee Nahodha

Huyo dada yangu hasafiri kwenda popote. Ni bundi mweupe wa uso kama moyo, anakaa kwenye magofu na madari ya misikiti ya zamani, anakula panya. Mimi nyumba yangu anapita kila usiku mwaka wa ishirini huu, misiba tumepata kama watu wengine, ila panya hatuna.

Na yule anayeanza polepole halafu anaongeza kasi anapiga kelele mpaka anachoka, kandokando ya maji usiku wa mbalamwezi, huyo ni chekeamwezi. Naye ni mwenyeji.

Kipanga wa Leeds

Hapa ndio pa kuanzia kwa anayetaka kuingia. Kabla hujauliza ni ndege gani uliza kwanza sauti inatembea au imekaa. Ikitokea sehemu ile ile mara kumi huyo amekaa kwenye mti, ni mwenyeji. Ikipita kutoka upande mmoja ikapotelea upande mwingine, hapo sasa uliza habari za maji, na majira ya mwaka. Jina mwishoni.

Kuhusu kelele za mtaani, kuna mmarekani anaitwa Bill Evans alianza mambo haya miaka ya 1980, aliweka maikrofoni ndani ya chungu cha maua cha plastiki, juu akafunika na plastiki nyembamba ya jikoni mvua isiingie. Chungu kinaangalia juu, kwa hiyo kelele za pembeni zinapungua kinabaki kusikia anga. Maikrofoni yenyewe ni ya bei ndogo.

Kitwitwi wa Mbweni (mleta uzi)

Chungu cha maua sina, nina ndoo ya rangi ya lita 20. Nimeitoboa chini maji yasituame, nimeweka maikrofoni ya kubana shati ya elfu kumi na tano ya Kariakoo juu ya sahani ya plastiki, nimefunika na nailoni, waya unashuka dirishani hadi kwenye laptop ya zamani. Bodaboda zimepungua sana wakuu, bado zipo lakini zimekuwa mbali. Mke wangu ameniuliza ndoo ya kufulia iko wapi, nikamwambia hiyo ni ya rangi, akasema ilikuwa ya rangi.

fundi_simu22

Unauza hiyo mashine?

BintiVoi

Na kitu kimoja naomba, mkishamaliza kusikiliza zimeni taa za nje. Hasa mlio pwani kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, kuna ndege mmoja mzuri ajabu, mgongo wa kijani, tumbo jekundu chini, anahama usiku ndani ya Afrika hii hii, anatoka huko kusini Tanzania na Msumbiji anakuja misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke na Gede. Pitta angolensis. Watu wengi hawajawahi kumuona akiwa hai, wanamkuta asubuhi barazani amegonga dirisha lenye taa. Siku za ukungu na mawingu mazito ndio mbaya zaidi, wanavutwa na mwanga na wale wenye sauti wanaita sana wakizunguka. Ukisikia miluzi inazunguka juu ya taa zako haitoki, umewashika. Zima.

Singida_Damu

Sisi TANESCO inawasaidia hao ndege sana kumbe.

Kitwitwi wa Mbweni (mleta uzi)

Wakuu mrejesho. Ndoo imelala juu siku tisa. Safari hii nimeweka jedwali la maji pembeni kama mzee alivyosema, na kila mluzi unaoangukia kwenye maji kutoka au maji kurudi nimeuweka kwenye fungu la sokoni. Limejaa hilo fungu, sululu karibu wote wamo.

Limebaki fungu dogo. Usiku wa juzi ni maji mafu, yalijaa saa nne usiku. Saa nane na dakika kumi na tano nina tyu-tyu-tyu. Saa nane na ishirini na mbili, tena. Tisa kasoro, tena, hafifu sana kwa sikio lakini kwenye picha vile vipande vitatu viko pale vimelingana. Nilikuwa macho ile ya pili nikamsikia mwenyewe, ametokea upande wa Bagamoyo, amepita juu sana, hakuelekea baharini wala hakutokea baharini, amefuata pwani kwenda kusini.

Mzee Nahodha unasemaje, niandike?

Mzee Nahodha

Saa nane maji mafu ya siku ile yalikuwa bado yanatoka taratibu, matope yameshatokeza zamani, wa hapa wote wako chini wanakula. Hakuna wa kwenda sokoni saa ile.

Andika.